Anayejua ‘naenda zangu’ amekwisha kuanza Kihispania

MWEZI uliopita, baada ya swala ya alasiri, nilikuwa nimeketi zangu barazani kwetu Mkomani, mjini Lamu, kijana mmoja wa mtaani alipokuja kuniamkia. Ni kijana wa mashua. Huwachukua wageni akawapeleka Manda Toto kuogelea na kula samaki wa kuchoma. Siku hiyo uso wake ulikuwa umekunjamana. Alinipa simu yake nisome ujumbe aliotumiwa na familia ya Wahispania waliokuwa wamepanga nyumba Shela: “Mañana nos quedamos en Shela. ¡Gracias!”

“Ami, hebu niambie,” alisema. “Hapa pameandikwa nini?”

“Kesho tunabaki Shela. Asante,” nilimjibu.

Akashika kichwa. Yeye alikuwa ameusoma hivi: ‘Kesho tunakutana Shela. Asante.’ Basi alfajiri yake alinunua samaki, nazi na barafu, akawachukua mabaharia wawili, akatweka tanga mpaka Shela. “N’lingoja hata jua likanipiga utosini, Ami. Mtu hakutokea.” Wageni nao walikuwa nyumbani wamejipumzikia, wakiamini wamekwisha kumwarifu kwa adabu kwamba safari ya siku hiyo haipo. Kijana akarudi na samaki walioanza kulegea, na mabaharia wanaodai haki yao.

Si kwamba alikuwa mvivu. Alikuwa ameingia katika kamusi ya simu, akakuta kitenzi ‘quedar’ kikiwa na maana ya kupatana kukutana mahali. Maana hiyo ni sahihi. ‘Mañana quedamos en Shela’ ni ‘kesho tunakutana Shela’. Lile ‘nos’ alilichukua kuwa ni ‘sisi’ ya kutilia mkazo, kama tusemavyo ‘sisi tunakutana’. Kumbe ‘sisi’ ya Kihispania ni ‘nosotros’, na ‘nos’ ni kitu kingine. Ukiitia, kitenzi si ‘quedar’ tena bali ni ‘quedarse’, yaani kubaki. Neno la herufi tatu liligeuza kubaki kuwa kukutana, likamla mtu mtaji wa siku nzima.

Nimeona niandike makala haya kwa ajili yake na wenzake. Kila Ulaya inapoingia likizo za kiangazi, Kihispania husikika Usita wa Mui na ufuoni Shela, na vijana wetu hukiokota kwa masikio, jambo la kusifiwa. Wala si lugha ya Ulaya na Marekani ya Kusini pekee. Ni lugha rasmi ya Guinea ya Ikweta, nchi ya Kiafrika iliyopata uhuru wake kutoka Hispania mwaka 1968, ambako huzungumzwa na Wafang, ambao ni Wabantu kama sisi. Lakini masikio yana mpaka wake. Vitenzi vya kujirejea (nisieleweke visivyo, sisemi virejeshi vya ‘amba’ na ‘o’) ndipo wengi wanapokwama, na sababu ya kukwama imo katika Kiswahili chenyewe. Dawa nayo imo humo humo.

Tuanze na umbo. Katika kamusi, vitenzi vya Kihispania huishia na -ar, -er au -ir: ‘hablar’ (kusema), ‘comer’ (kula), ‘vivir’ (kuishi). Kitenzi cha kujirejea huongezewa ‘se’ mwishoni: ‘quedarse’ (kubaki), ‘levantarse’ (kuinuka, kuondoka kitandani). Hiyo ‘se’ ni vazi la kamusini. Ukitaka kukitumia kitenzi katika wakati uliopo, fanya mambo matatu. Kwanza, ing’oe ‘se’. Pili, kipe kitenzi mwisho wa nafsi inayohusika. Tatu, tanguliza kiwakilishi cha nafsi hiyo hiyo. Matokeo ni haya:

me quedo – ninabaki
te quedas – unabaki
se queda – anabaki
nos quedamos – tunabaki
os quedáis – mnabaki
se quedan – wanabaki

Hapana haja ya kutanguliza ‘yo’ (mimi) au ‘nosotros’ (sisi), kwa kuwa mwisho wa kitenzi umekwisha kuitaja nafsi, kama vile ‘ni’ na ‘tu’ zinavyotutosha katika ‘ninabaki’ na ‘tunabaki’. Tofauti ni kwamba sisi huitaja nafsi mwanzoni mwa kitenzi nao huitaja mwishoni. Kadhalika, umbo la ‘os quedáis’ ni la Hispania. Katika nchi za Marekani ya Kusini utasikia ‘ustedes se quedan’ mahali pake.

Sasa tuje kwenye kosa. Vijana niliowahi kuwasomesha kidogo cha Kihispania nilichokipata masomoni, karibu wote huanza kwa kusema ‘yo se quedo’, ‘nosotros se quedamos’. Huing’ang’ania ‘se’ kwa kila nafsi. Kwa nini? Kwa sababu ndivyo ifanyavyo ‘ji’ yetu. Ninajiosha, unajiosha, anajiosha, tunajiosha, mnajiosha, wanajiosha: ‘ji’ haijali ni nani anayetenda. Ndugu zetu wa Kibantu nao wana tabia hiyo. Mkikuyu hutumia ‘ĩ’ yake kwa nafsi zote, na Mganda hutumia ‘ee’ yake. Mtoto aliyelelewa na ‘ji’ akikutana na ‘se’ huona amekutana na jamaa yake, akaipa kazi zote za ‘ji’.

Ukweli ni kwamba ‘se’ ni sawa na ‘ji’ katika nafsi ya tatu tu. Tazama jozi hizi. ‘Ananiosha’ ni ‘me lava’, na ‘ninajiosha’ ni ‘me lavo’. ‘Anakuosha’ ni ‘te lava’, na ‘unajiosha’ ni ‘te lavas’. Umeona? Kwa Mhispania, ‘me’ ile ile inafanya kazi ya ‘ni’ ya yambwa na kazi ya ‘ji’. Kinachotenganisha maana ni mwisho wa kitenzi. Mtenda na mtendwa wakiwa nafsi moja, basi mtu amejitendea. Katika nafsi ya tatu tu ndipo panapohitajika neno maalumu: ‘lo lava’ ni anamwosha (mtu mwingine), na ‘se lava’ ni anajiosha. Bila ya tofauti hiyo tusingejua nani anaoshwa. Katika nafsi ya kwanza na ya pili hakuna utata wa namna hiyo, kwa hivyo Kihispania hakikujitwisha mzigo wa neno jingine.

Kanuni basi ni fupi: mwisho wa kitenzi na kiwakilishi kilichotangulia viwe vya nafsi moja. ‘Me’ na -o, ‘te’ na -s, ‘nos’ na -mos. Ukisikia masikioni mwako ‘se quedo’, jua umeoanisha nafsi mbili zisizooana.

Hapo mwanafunzi hulalamika: “Ami, mambo haya ya kubadilisha kila nafsi, sisi hatuna.” Tunayo! Nani Mkomani hajasema ‘naenda zangu’? Hebu tuiandike yote, na Kihispania chake kando:

naenda zangu – me voy
waenda zako – te vas
aenda zake – se va
twaenda zetu – nos vamos
mwaenda zenu – os vais
waenda zao – se van

Kitenzi cha Kihispania hapo ni ‘irse’, kwenda zake mtu, kutokana na ‘ir’, kwenda. ‘Voy al mercado’ ni ‘naenda sokoni’: tunataja mwendo na mwisho wake. ‘Me voy’ ni ‘naenda zangu’: msisitizo ni kwamba mtu anaondoka hapa alipo. Zangu, zako, zake, zetu, zenu, zao hufuata ngeli ya I-ZI, kana kwamba kuna nomino iliyoachwa isitajwe, na kila nafsi ina yake. Hakuna Mswahili anayesema ‘naenda zake’ akikusudia kwamba yeye mwenyewe anaondoka. Sikio lake halikubali. Basi sikio hilo hilo, likifundishwa, halitakubali ‘se voy’.

Na tazama namna ‘zako’ na ‘zao’ zinavyotuokoa. Kwa wakati wa ‘a’ tunaoupenda sana huku pwani, ‘waenda’ ni wewe na ‘waenda’ ni wao. ‘Waenda zako’ na ‘waenda zao’ ndizo zinazokata shauri. Mambo hayaishii kwenye kwenda. Husemwa pia ‘alikaa zake kimya’, ‘nalala zangu’, ‘tumeketi zetu barazani’. Ule ujumbe wa Shela, lau ungeandikwa na mtu wa Lamu, ungekuwa ‘kesho tunakaa zetu Shela’. ‘Zetu’ hiyo ndiyo ‘nos’ iliyompita kijana. Hata tukihimizana kuondoka, lugha hizi mbili zinachekesha kwa kufanana: ‘vamos’ ikikutana na ‘nos’ hudondosha sauti ya ‘s’ ikawa ‘vámonos’, na ‘twende zetu’ hukatwa ikawa ‘twenzetu’.

Sitaki kudanganya kwamba mizani imelingana pande zote. ‘Zangu’ hufuata kitenzi, na ‘me’ hukitangulia. ‘Zangu’ huandamana na vitenzi vichache, na ‘me’ huandamana na vingi. Aidha, kitenzi kisipopewa nafsi, kiwakilishi hurudi nyuma na kushikamana nacho: ‘quiero quedarme’, nataka kubaki, ‘queremos quedarnos’, tunataka kubaki. Hata hapo nafsi hulindwa. Lakini kama ngazi ya kupandia, ‘naenda zangu’ ni imara kuliko ‘ji’.

Jambo la pili linalowatatiza vijana wetu ni kutojua kitenzi gani hudai kiwakilishi. Wakiongozwa na ‘ji’, watapotea. Chukua asubuhi ya nahodha: ‘Me despierto a las cinco, me levanto, me ducho, me visto y me voy al muelle.’ Kwa Kiswahili: naamka saa kumi na moja, naondoka kitandani, naoga, navaa, kisha naenda zangu gatini. Hesabu. Kihispania kina ‘me’ tano. Kiswahili hakina ‘ji’ hata moja! Kuoga, kunawa na kuvaa kwetu ni vitendo ambavyo mtu hujitendea bila ya kutangaza. Mhispania hutangaza kila mara, kwa kuwa kwake ‘lavar’ na ‘vestir’ peke yake huacha swali: unamwosha nani, unamvisha nani?

Vivyo hivyo kuketi ni ‘sentarse’, kwenda kulala ni ‘acostarse’, kuchana nywele zako ni ‘peinarse’, na kuitwa ni ‘llamarse’. Huyu wa mwisho ni wa kila siku. Sisi hutumia kauli ya kutendwa, ‘naitwa’. Wao husema ‘me llamo’, ninajiita. Ukisema ‘llamo’ bila ya ‘me’ halafu ukataja jina lako, Mhispania atangoja kusikia unampigia nani simu.

Baadhi ya vitenzi hivi hubadili irabu ya mzizi pale mkazo unapoiangukia. Acostarse: me acuesto, te acuestas, se acuesta, nos acostamos, os acostáis, se acuestan. Katika ‘nos’ na ‘os’ mkazo umehamia kwenye mwisho, ndiyo maana irabu ya mzizi inabaki vile vile. Hapa papo mtego mmoja wa kuangaliwa. ‘Sentarse’ (kuketi) na ‘sentirse’ (kujihisi) hukutana katika nafsi ya kwanza: zote mbili ni ‘me siento’. Mgeni akikwambia ‘me siento mal’ katikati ya bahari, usimtafutie mto wa kukalia. Anasema hajisikii vizuri, na pengine anataka mashua irudi.

Upande wa pili wa mtego ni kutia kiwakilishi pasipotakiwa. Kujifunza kuna ‘ji’, lakini unajifunza Kihispania ni ‘aprendes español’, bila ya ‘te’. Kujiuzulu ni ‘dimitir’, bila ya ‘se’. Kujifungua ni ‘dar a luz’, kwa maneno mengine kabisa. Wala si kila ‘ji’ unayoiona ni ya kujirejea. ‘Kujibu’ na ‘kujenga’ zina ‘ji’ na ‘je’ za mzizi, na ukizing’oa hubaki mabaki yasiyo na maana.

Wageni nao hunaswa na ‘ji’ yetu. Mmoja, aliyekuwa akijifunza Kiswahili, alikaribishwa sinia la pilau katika nyumba moja ya mtaani kwetu. Kwa furaha akasema, “Asante sana, nitajisaidia hapa hapa.” Waliokuwa karibu naye walisogeza miguu. Alikuwa amechukua maneno ya lugha aliyoizoea akayavisha kanzu ya Kiswahili, na mwenyeji ilibidi amweleze, kwa upole, kwamba neno alilolitaka ni ‘kujipakulia’ na kwamba kujisaidia kuna chumba chake. Tulicheka naye. Lakini yeye hakupoteza mtaji, na ndio tofauti yake na kijana wa mashua.

Tatu, na hapa Mswahili ana haki ya kutembea kifua mbele, ‘se’ moja ya nafsi ya tatu imebebeshwa kazi ambazo kwetu zimegawiwa viambishi vinne. ‘Se lava’, anajiosha: hiyo ni ‘ji’. ‘Se saludan’, wanasalimiana: hiyo ni ‘an’ ya kauli ya kutendana. ‘La cuerda se rompe’, kamba inakatika: hiyo ni ‘ik’ ya kauli ya kutendeka. ‘Se vende’, inauzwa, na ‘se habla español’, Kihispania kinazungumzwa: hiyo ni ‘w’ ya kauli ya kutendwa. Mhispania akisema ‘se miran’, itakubidi utazame muktadha ujue kama watu wanajitazama kiooni au wanatazamana. Kiswahili kimekwisha kuamua kabla hujauliza. Kwa hivyo, ukikutana na ‘se’, usikimbilie ‘ji’. Jiulize kwanza: wanajitendea, wanatendeana, inatendeka au inatendwa? Moja katika hizo nne mara nyingi itakaa sawa.

Mwisho, adabu. Sisi huku hatumwamkii mzee kama tunavyomwita mtoto. Kihispania nacho kina ‘usted’ kwa mtu wa kuheshimiwa, na ingawa maana yake ni ‘wewe’, kitenzi huchukua umbo la nafsi ya tatu. Mtoto utamuuliza ‘¿cómo te llamas?’, lakini babu yake ni ‘¿cómo se llama usted?’ Wahispania wengi siku hizi ni wepesi wa kumwita kila mtu ‘tú’, lakini kijana wa Lamu akianza na ‘usted’ kwa mgeni mwenye mvi hajapoteza kitu.

Nimeyaeleza haya yote kwa Kiswahili kwa kusudi. Vitabu na kamusi za simu zinazotumiwa na vijana wetu hupitia Kiingereza, na Kiingereza katika jambo hili ni mwongozaji maskini. Kwacho kuondoka, kuamka na kuketi hakuna alama yoyote ya nafsi inayorudi kwa mtendaji. Mwanafunzi anayetoka Kiswahili, akapitishwa Kiingereza, ndipo afike Kihispania, ameacha njiani ‘zangu’ na ‘zetu’ ambazo zingemfikisha upesi. Tena ameacha ‘an’, ‘ik’ na ‘w’. Walimu wa lugha za kigeni huku pwani, na wanaowafunza waongozaji wa watalii, wajaribu kuanzia pale alipo mwanafunzi. Lugha ya mama si kizuizi cha kurukwa.

Kijana wa mashua alirudi barazani wiki iliyofuata, nikamkalisha tukayapitia haya kwa kalamu na karatasi. Aliponiaga nilimuuliza, “Wafanyaje sasa?” Akajibu, “Me voy, Ami.” Naenda zangu. Juzi alinionyesha ujumbe aliowapelekea wageni wengine kabla hajanunua hata nazi moja: “¿Os quedáis o quedamos?” Mnabaki, au tunakutana? Jibu lilikuwa neno moja na saa yake: “Quedamos, a las siete.” Hakuna ‘nos’. Basi saa moja asubuhi mashua ilikuwa gatini, na wageni nao wapo.